Mdalasini wa Siku ya Kuzaliwa

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana tangu Jumanne nafsi yangu hainipi raha. Mimi ni msimamizi wa zamu katika duka la mikate hapa mjini Svendborg, nilianza nikiwa msichana, na kwetu mtu akifikisha miaka ishirini na mitano hajaoa wala hajaolewa wenzake humwagia unga wa mdalasini mwili mzima kwa mzaha, na siku yangu naikumbuka kama jana ingawa imepita miaka thelathini na tatu, wenzangu walinifunga kwenye nguzo uani, tukacheka mpaka machozi, nikanukia maandazi wiki nzima, jamani, raha gani zile, ila bosi wa wakati huo alishikilia kunipangusa yeye na mikono yake haikutulia, nikanyamaza, maisha yakaendelea. Sasa Jumanne Signe, binti tunayefanya naye kazi, akatimiza ishirini na mitano, na ndoo ya mdalasini nilileta mimi mwenyewe, na mwokaji wetu mkuu, Preben, akajitolea kumpangusa. Signe akanifuata stoo: "Mama Birthe, amenishika kifua, na si mara ya kwanza, kila nikienda kwenye tanuri ananibana." Nikamjibu, "Acha kudeka, mwanangu, sote tumemwagiwa." Kesho yake hakuja kazini. Mwenye duka, Bi Lauritsen, kashapata habari, ananiambia, "Andika mistari miwili tu kwamba ulikuwa mzaha, yaishe," anaitaka Ijumaa, nami Signe nampenda na duka ndilo maisha yangu, nifanyeje?

Birthe

Birthe, pole, lakini kwanza nikugombeze. Binti amekimbilia kwako, unamwambia anadeka! Wewe ni msimamizi wake. Alipokwambia wewe, amemwambia mwajiri. Na sheria inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, achunguze na akomeshe. Bi Lauritsen akifunika jambo hili, yeye naye atawajibishwa, si Preben peke yake.

Hiyo mistari miwili usiiandike. Andika alichokwambia Signe, tarehe na maneno yake yalivyo, mpe Bi Lauritsen, ubaki na nakala, na umpigie simu mwakilishi wa chama cha wafanyakazi leo hii. Preben asipangwe tena zamu moja na Signe. Kabla ya yote hayo, nenda kwa Signe ukamwombe radhi, umwambie unamwamini.

Mdalasini hauna kosa, mama. Kicheko kile cha uani ni chako, kitunze. Ila mikono ya bosi yule umeniandikia baada ya miaka thelathini na tatu, wala sikukuuliza. Signe naye ataikumbuka siku yake, na atakumbuka ulimjibu nini. Una mpaka Ijumaa kumpa jibu jingine.