Chatu Wanaotikisa Kichwa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Hitima ya arobaini yako tumeisoma salama, watu walitoka mpaka Kitomanga. Walipomaliza kula wakaanza maneno: chatu wako ndio waliokuua, wachomwe moto. Eti walikuambukiza kutikisika, maana na wao wanatikisika. Shangazi Mwanaidi akawanyamazisha. "Mama yetu alitikisika shingo mpaka anaingia kaburini, na hakufuga hata mjusi. Muwaache hao nyoka." Watu wakacheka, chatu wakapona. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikahesabu: Bibi, kisha wewe.

Ni wewe uliyenifundisha hesabu hiyo, kwa nyoka wako. Ulipowaleta wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wanaojikunja kama mpira, wakati soko huria limeshampa kila mtu wazimu wake wa biashara, Lindi nzima ilikucheka. Nami nilicheka. Halafu akaanguliwa yule mwenye mistari myembamba kama utando wa buibui, na wanunuzi wa nje wakamtaka kuliko wote. Kichwa chake hakikutulia. Alikuwa akimlenga panya, anauma hewa. Ukadhani amepigwa jua, ukamfunika gunia lililoloana. Ukamtafutia jike asiye na kasoro, ili damu yake isafishe ya mwenzake. Mayai yalipopasuka, karibu nusu walikuwa na mistari, na kila mwenye mistari alitikisa kichwa. Ukaniambia, "Mwanangu, uzuri huu na kutikisika ni pacha. Mzazi mmoja anatosha, na kila yai lina bahati yake."

Na mimi ni yai lako, Baba.

Nina mimba. Umeondoka hujaijua. Naogopa. Nikishika kikombe naitazama chai kama imetulia. Mume wangu Salumu akiniuliza natazama nini, namwambia nzi. Nawe ulianza hivyo hivyo, ukisema ni baridi, na Lindi baridi iko wapi? Jana kijiko kiliniponyoka. Huenda ni uchovu. Huenda.

Shangazi anataka mtoto akiwa wa kiume arithi jina lako. Niliitikia kwa mdomo tu. Nimeliogopa jina lako, Baba, kana kwamba ndilo litakalouonyesha ugonjwa njia.

Wale wenye mistari sitawapandisha tena, ingawa ndio wanaotafutwa. Kwa nyoka uamuzi ni mwepesi. Huyu wangu ameshaanza kucheza tumboni, nami nimeshampenda.

Ninakuahidi, akiwa wa kiume jina atalipata. Akikua nitamweleza mwenyewe ulivyotikisika, na nilivyokuwa nikikushika kidevu nikikunywesha uji, nawe unanicheka kwa macho. Akiniuliza kama na yeye yatampata, nitamwambia sijui. Yakimpata, nitamshika kidevu na yeye. Namwomba Mungu aniachie mkono uliotulia mpaka siku hiyo.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Zuhura