Jeraha la Mwamuye, na Lako

Athmani, sahibu yangu,

Sikuandikii ili nikulilie. Kulia nimekwisha. Leo nimekasirika, nawe huwezi kunijibu, jambo ambalo hukulizoea.

Binti yako Zuhura ameniletea mswada wa riwaya yako niusahihishe kabla haujapelekwa kwa mchapishaji. Kurasa mia tatu za maisha ya kijijini, wewe mtu wa mjini, wa Bondeni, usiyepata kushika jembe! Ngoma na mikuki nilivumilia. Kilichonishinda ni sura ya mwisho. Mzee Mwamuye anajeruhiwa na nyati, analifunika jeraha kwa shuka, anaketi na wazee wenzake siku tisa bila kuguna, kwa sababu mila haimruhusu mwanamume kuugulia mbele ya wake zake. Kisha anakufa. Nawe unaandika: "Alikufa kiume." Kijiji kizima kinamsifu. Hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini hakutibiwa!

Niliutupa mswada sakafuni. Ni mimi niliyekuosha, Athmani. Nilipofika ubavuni niliuona ule uvimbe, mkubwa kama ngumi, umefungwa kitambaa kwa ustadi wa mtu aliyezoea kukifunga peke yake. Nasi tulikuwa tukikaa baraza moja kila alasiri, vikombe vya kahawa mkononi, ukilalamikia bei ya samaki na rangi mpya ya msikiti. Ulilalamikia kila kitu isipokuwa hilo. Nilipokuuliza mbona umekonda, ulisema, "Wivu huo, bwana. Kitambi chako kimekushinda." Nami, mpumbavu, nikacheka.

Mwosha maiti huficha alichokiona. Nimeficha miezi minane. Umenifanya nami mwanakijiji wa Mwamuye! Zuhura, kila aniletapo chakula, huniuliza, "Ami, mimi niliyeishi naye nyumba moja, nilikosa kuona nini?" Anadhani alikupuuza. Nami hutazama sahani.

Jana nilimwambia. Kinachositiriwa ni aibu, na maradhi si aibu. Nilimwambia kwamba ulimficha kwa makusudi, kama ulivyonificha mimi, na kwamba hana kosa. Alilia sana. Kisha akafuta uso, akanikazia macho.

"Na wewe, ami, huo mkono unaoshika tumbo kila ukiinuka, unaficha nini?"

Nilifungua kinywa nikemee utovu wa adabu. Mkono ulikuwa tumboni.

Mswada wako nitausahihisha wote, nukta kwa nukta. "Alikufa kiume" sitaifuta. Ni kazi yako, nawe utaijibia. Ila mimi si Mwamuye. Alhamisi Zuhura atanipeleka hospitali. Nakuahidi nitamwonyesha daktari panaponiuma, mbele ya binti yako, na pakiguswa nitaguna.

Lala salama, mkaidi wewe. Mola akurehemu kuliko ulivyojirehemu mwenyewe.

Ni mimi, mwenzako wa barazani.