Utulivu wa Swala Unanitisha

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko mgodini? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua, cherehani yangu inazunguka, na Mama bado anagombana na redio. Kwa kuwa simu haishiki huko, barua hii nimemkabidhi dereva wa lori.

Ni habari za binti yako, Swala. Alipopata ufa kwenye mfupa wa muundi, daktari alimkataza kukimbia, akamfundisha mazoezi ya utulivu: akae sakafuni, afumbe macho, afuate pumzi, ausikilize mguu bila hofu. Nilicheka, nikasema siku hizi hata kukaa kimya kuna mwalimu! Lakini ilimsaidia, kweli tupu. Aliacha kulia, akapata usingizi.

Sasa ameyageuza mazoezi hayo, Kaka. Anakaa, anapumua mpaka maumivu yanyamaze, kisha anavaa viatu huyo uwanjani. Kocha anamsifu, hajui kama amekatazwa. Jumamosi ni mchujo wa timu ya taifa ya riadha.

Nikimkemea ananitazama kwa upole tu. Eti, "Shangazi, maumivu ni mgeni, yanapita." Mgeni gani huyu anayebomoa nyumba? Afadhali angenijibu jeuri kama zamani, ningejua namna ya kumshika. Unaijua methali ya mficha maradhi, sitaki kuimalizia.

Leo asubuhi nilimkanda. Muundi umevimba, ngozi imekaza inang'aa, lakini wayo ni wa baridi. Nikambana kidole gumba cha mguu kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, huku namtazama usoni. Hakushtuka. Hakujua hata kama nimemgusa. Nikatoka chumbani, nikachukua kalamu nikuandikie.

Hospitali amekataa, mpaka mchujo upite. Mimi nimebembeleza, nimefoka, nimepiga magoti, mtu mzima mimi! Hasikii la mtu ila lako. Nakuomba, ukimaliza kusoma, usingoje zamu iishe. Panda mpaka penye mtandao umpigie, umwambie kama baba yake. Naogopa, Kaka, naogopa sana.

Mama anakusalimu. Fundi viatu wa chini anakusalimu, anauliza utarudi lini. Na Swala anakusalimu kuliko wote. Ameniagiza nikuandikie usiwe na wasiwasi, mguu umepona, tangu jana hauumi hata kidogo.

Mungu aiharakishe barua hii mikononi mwako.

Dada yako akupendaye,
Fundi Cherehani