Nimeandika Mama Ana Macho Mazima

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana mimi nafanya kazi kwenye utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa kuambukiza unaopinda kope mpaka zikakwangua jicho na mtu akapofuka, tunapita nyumba kwa nyumba na tochi, tunapindua kope za watu na kujaza fomu, na mwezi uliopita zamu ikafika mtaani kwetu, nikaomba nyumba yetu niipime mwenyewe, mwenzangu akacheka, "Haya, nisalimie mama mkwe," akaenda zake, kumbe mwenzie nina langu jambo. Mama ni fundi cherehani, kope zake zimepinda mwaka wa tatu huu, na ninayezing'oa kwa kibanio kila Jumamosi ni mimi, kichwa chake mapajani mwangu, huku akisema, "Taratibu mwanangu, na usiniandike, watu wako wataniletea kisu," kwa sababu mama mkubwa alipasuliwa na kope zikarudi. Basi nikaandika: macho mazima.

Juzi mkuu wetu katangaza kwamba mtaa wetu umepungukiwa mgonjwa mmoja tu kufikia idadi ya kuletewa timu ya upasuaji, hivyo timu inakwenda kwingine, na mgonjwa huyo mmoja naishi naye! Jana mama kanipa sindano nimtungie uzi, hajawahi, akasingizia taa. Nikatunga, nikaingia bafuni kulia. Nikisema, kazi sina na mama ataniona msaliti. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi, pole sana. Kichwa cha mama kikiwa mapajani, nani ana ubavu wa kumkatalia? Nimeisoma barua yako mara mbili na moyo umeniuma.

Lakini nikuseme kidogo, uvumilie. Wewe unajua kuliko jirani yeyote kwamba kope iliyong'olewa huota tena, na kovu likishakaa kwenye kioo cha jicho halifutiki. Mama alikuomba umfichie siri, hakukuomba umpofushe. Na majirani wanaokwaruzwa macho kama yeye, wao wamekukosea nini?

Leo hii kaa na mama, umwambie ulichoandika na unachokwenda kukifuta. Asisikie kwa watu. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wako, sema yote, uombe mtu mwingine aje kumpima. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Utafiti unaishi kwa ukweli wa fomu. Kisha mpeleke mama kwa mpasuaji, amuulize mwenyewe kuhusu hizo kope zinazorudi. Zipo zinazorudi, na zikirudi hurekebishwa. Sindano ya ganzi, muda mfupi, kesho yake bandeji inatoka. Wewe kaa mlangoni, usimwachie safari hiyo peke yake.

Atanuna, tena siku nyingi. Mwache anune huku anakuona.