Ng'ombe Uliyemkataa

Baba,

Najua utanikasirikia, ila nisikilize kwanza.

Mayu hainuki tena. Nilimpeleka hospitali Bariadi, wakaniambia nikamtunze nyumbani. Mayu, mama yangu, haogopi kufa, anaogopa kuzikwa. Siku ya kukuzika tulichimba kaburi wanawake watatu, yeye, mimi na shangazi, na majirani wakipita na majembe yao kwenda shamba. Salamu yetu hakuna aliyeitikia. Kijiji kilikutenga, na sisi tukarithi.

Na yote kwa sababu ya barua! Wewe na jenerali wako Mchina. Ulimpenda tangu Wachina walipokufundisha jeshini, na redio yao ya Kiswahili ikisimulia maisha yake, ulitukataza hata kugonga chungu kwa mwiko. Mtoto wa mkulima, akapigana milimani, akawa waziri wa ulinzi. Kisha akamwandikia mkubwa wake kwamba wakulima wana njaa. Akavuliwa cheo, baadaye vijana wakampiga hadharani, akafa kabla serikali yao haijakubali kwamba alisema kweli.

Nawe ukaandika wilayani: pamba yetu imechukuliwa, hatujalipwa, watoto wanalala na njaa. Mwenyekiti wa kijiji akaita usaliti. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakakutoza faini ya ng'ombe, ukakataa, ukatengwa mpaka ukafa.

Sasa biashara ni huria, Baba. Malori ya wanunuzi binafsi yanafika hadi hapa Zagayu, wanalipa papo hapo. Na anayesimamia mzani wao ni nani? Mwenyekiti yule yule! Haoni hata haya.

Juzi kamanda wa sungusungu alikuja, akasimama nje ya ua wetu wa minyaa. "Kabula, toeni ng'ombe, useme mzee alikosa, yaishe." Mayu alisikia kutoka kitandani. Akanishika mkono: "Toa, mwanangu. Sitaki kuzikwa na watu wawili."

Jana nikamswaga dume letu jekundu hadi kwenye mkutano wa sungusungu. Wanaume walijaa na fimbo na pinde zao. Mwenyekiti akataka niseme kwa sauti. Nikasema: "Baba yangu alikosa." Akaniamuru nirudie, wa nyuma wasikie. Nikarudia. Wakachinja, wakala.

Leo asubuhi jirani kaleta kuni, kamsalimu Mayu. Mayu amelia mpaka nikaogopa.

Nina uchungu, Baba, na aibu. Lakini redio ilisema jambo moja ambalo hukulipenda, ukaizima, nami nikawa nimeshasikia: jenerali wako naye walimbana, akakiri kosa. Miaka ikapita, akaandika barua nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, akajitetea.

Basi pumzika, Baba yangu. Nakuahidi: Mayu akishafunikwa udongo, kabla watu hawajatawanyika, nitasimama pale pale kaburini niwaambie kwamba hukukosa, kwamba nilisema uongo ili mama yangu azikwe. Najua watanitenga. Safari hii watanitenga peke yangu.

Mwanao,
Kabula