Propela ya Kamati

Nanyuki, 18 Novemba 2024

Kwako Baba Mdogo Kingori,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama Wachuka mko wazima, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua tangu baridi iishe. Mimi ni mzima, kazi ya kurusha watalii inaendelea.

Uliniambia kwenye simu kwamba malalamiko kwa kamati yenu ya ndege huletwa kwa maandishi. Haya basi, wasomee wote. Jamani, watu hupigaje kura juu ya propela ya ndege? Kura ni ya kuchagua hema na viti. Mimi ndiye rubani mliyemwomba aruke kutafuta moto msituni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nimeona tu kwenye picha kwamba imeshafungwa, ile isiyogeuka pembe, na tena mkachagua iliyokatwa kwa ajili ya kasi.

Nitakueleza kama ambavyo ningemweleza mtu wa bodaboda kule Mukurweini. Propela hiyo ni pikipiki yenye gia moja tu, na gia yenyewe ni ya nne. Kwenye tambarare inakimbia vizuri sana. Sasa mpakie abiria na mikungu ya ndizi, umwambie aanze kupanda mlima akiwa amesimama. Ndivyo itakavyokuwa ndege yenu hapo Giakanja, juu huko ambako hewa ni nyepesi, uwanja ni mfupi, na mwisho wake kuna mikaratusi. Ile ambayo ningeiomba, rubani huigeuza pembe akiwa hewani: pembe ndogo ya kupaa, halafu pembe kubwa ya kukimbilia kwenye moto. Hata hiyo isiyogeuka, mngechukua iliyokatwa kwa ajili ya kupanda, ningenung'unika kwamba tutachelewa kufika, lakini ningeruka.

Propela mmeikosea, lakini nafasi ya kuchora majina ya wanakamati wote kwenye mlango wa ndege mliipata! Nimekasirika, Baba Mdogo, na sioni sababu ya kuficha. Siipandi ndege hiyo mpaka ibadilishwe.

Binti yako,
Ngendo


Giakanja, 27 Novemba 2024

Kwa binti yangu Ngendo,

Sisi hatujambo, namshukuru Mungu. Mguu ni ule ule. Wachuka anakusalimu na anauliza kama siku hizi unakula.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati kama ulivyotaka, na nilijuta kabla sijafika katikati. Phyllis, mweka hazina wetu, alisimama akasema, "Huyu msichana ako na madharau. Ati sisi ni watu wa kuchagua hema?" Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Sasa nisikilize na mimi. Nimetengeneza mashine za kiwanda cha kahawa tangu hujazaliwa, na najua kwamba kila sehemu inayogeuka ni sehemu itakayoharibika. Propela yako ina mota, nyaya, na beringi ndani ya kitovu. Ikigoma, nani hapa Nyeri ataifungua? Itapelekwa Nairobi ikae huko miezi, msitu ukiteketea na ndege yetu imesimama bila pua. Na rubani akisahau kuirudisha pembe ndogo kabla ya kupaa, si ni ile ile gia ya nne? Yetu haina cha kusahau.

Mwai, yule kijana wa Gatitu aliyehitimu urubani mwaka jana, amekubali kuruka bila masharti. Wewe ukitaka kurudi, utaiomba kamati radhi kwanza.

Baba yako mdogo,
Kingori


Giakanja, 14 Januari 2025

Ngendo,

Heri ya mwaka mpya. Hukujibu, na Krismasi hukuja. Wachuka alikuwekea nyama mpaka ikaharibika.

Basi ujue kwamba ndege imeruka. Jumamosi alfajiri Mwai aliipandisha hata kabla hajafika katikati ya uwanja, akazunguka juu ya soko, wanawake wakapiga vigelegele. Phyllis akaniambia, "Si unaona? Imeruka tu!" Nilifurahi, halafu nikakasirika, kwa sababu wewe ndiwe uliyepaswa kuwa mle ndani.

Baba yako mdogo,
Kingori


Nanyuki, 19 Januari 2025

Kwako Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Naomba Mama Wachuka anisamehe kwa ile nyama. Mimi ni mzima.

Radhi siombi. Mwai aliruka alfajiri, hewa ikiwa baridi na nzito, akiwa peke yake na petroli kidogo. Moto wa msituni huwaka alfajiri? Huwaka mchana wa Februari, jua likiwa kali na hewa imekuwa nyepesi zaidi, na siku hiyo tenki litajazwa na kiti cha pili kitakuwa na mtu wa kuangalia moshi. Nimeambiwa mtu huyo ni wewe. Wewe, ambaye Mama Wachuka alikupanulia suruali ndipo ukaingia kwenye harusi ya Judy!

Nilikuwa na baba, akafa. Nikabaki na wewe, ndugu yake. Ile barua haikuwa madharau, ilikuwa hofu, na inaniuma kwamba uliisoma ukaona aibu yako tu. Usipande ndege hiyo mchana. Nakuomba.

Binti yako,
Ngendo


Giakanja, 26 Februari 2025

Kwa binti yangu Ngendo,

Hatujambo. Nasema hatujambo, na safari hii simaanishi salamu.

Jumapili, tulipotoka kanisani, tuliona moshi juu ya msitu wa Nyandarua. Saa nane tukawa ndani ya ndege, mimi na Mwai. Injini ilinguruma, lakini mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini haukupanda. Magurudumu yaliruka, yakashuka, yakaruka tena, na mikaratusi ikawa inakuja. Nikapiga kelele, "Mwai, zima!" Akasema, "Bado mzee, itashika tu." Nikakivuta kile kishikio cha kukata mafuta kwa mkono wangu. Tulisimama ndani ya nepia, yale majani ya ng'ombe ya jirani yetu Gatimu. Msitu uliwaka hadi Jumanne, nami nikiutazama.

Jana kamati ilikutana. Nilidhani wataniuliza kilichotokea. Phyllis akasema shida si propela, ni uzito wangu, na tena umri umenitia woga. Wakapiga kura! Kiti changu wamempa Beth, mwalimu wa chekechea, kwa sababu ni mwembamba. Kumbe hivi ndivyo ulivyojisikia Novemba.

Leo asubuhi nimekwenda na spana zangu nikaifungua ile propela. Iko chini ya kitanda chetu, na Wachuka anasema hajaona kitu. Phyllis ameapa kumleta chifu. Na amlete.

Hiyo yako ya kugeuka hewani bado ina beringi nyingi mno, na tutagombana ukija. Lakini njoo Jumamosi, kabla kamati haijakutana tena. Mwai na Beth wanalitangazia soko zima kwamba mzee Kingori amewaaibisha. Wacha waseme, wakiwa hai.

Baba yako mdogo,
Kingori