Kidole Changu, Jina Langu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimebangua korosho tangu alfajiri, za kupeleka sokoni Chikongola. Mchana nikaenda kiwandani. Kilekile cha umma nilichofanyia kazi nikiwa msichana. Kilifungwa, kikauzwa, popo wakahamia. Sasa kina tajiri mpya na kinaajiri wabanguaji.

Usaili nimepita. Nimekwama kwenye mashine ya getini: bila alama ya kidole huandikishwi. Nimebonyeza vidole vyote, hakuna kinachosomeka. Mafuta ya maganda yamenila ngozi miaka yote hii, vidole laini kama kauri. Afisa ajira, kijana mpole, kaniambia nipumzishe mikono wiki nzima, alama zitarudi.

Yaani nisifanye kazi ili nipate kazi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sijabangua. Mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Chakula mihogo tu. Naikasirikia mikono yangu, halafu najikasirikia kwa kuikasirikia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mashine imenikataa tena. Wenzangu watatu wa enzi zile nao vilevile. Yule afisa akanivuta pembeni: "Mama, mlete binti yeyote aweke kidole chake. Kazi utafanya wewe."

Mshahara uje kwa jina lake. Nikikatika kidole, aliyekatika ni yeye. Zuhura, mtoto wa kaka yangu, yuko tayari kabisa. Mtoto mwema. Nimemkatalia. Mimi si kivuli cha mtu.

Jumanne, 14 Oktoba
Tumekaa getini sisi wanne, mkeka chini. Mlinzi katufukuza, hatukutoka. Afisa kasema tunajiaibisha. Aibu ya nani? Hatimaye meneja akaja. Nikamnyooshea mikono.

"Imeungua humu ndani hii. Niandikeni kwa jina langu, au nakaa hapa mpaka msimu uishe."

Kageuka, karudi ofisini. Naogopa sana. Kesho narudi.

Jumatano, 15 Oktoba
Jua kali. Hakuna aliyetoka kutusemesha. Mwenzetu mmoja alitaka kuondoka, tukamgombeza, akakaa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Jana meneja karidhia, tukaandikishwa kwa picha za uso. Kumbe iliwezekana. Mkataba wa msimu mmoja tu. Zamani tuliahidiwa kazi hadi uzeeni, na ahadi ikafungwa pamoja na geti. Kwa hiyo sijadanganyika na huu.

Leo asubuhi karani kaita: "Somoe Hamisi." Nikaitika kwa nguvu mpaka wasichana wakacheka. Nikaenda mezani, nikavuta kiti, nikaanza kubangua.